Macho ya Mchungaji na Macho ya Takwimu

Je, kumwona mtu ni sawa na kumjua? Swali hili ni la zamani, lakini kwangu lilikuja upya jioni moja ya Jumanne, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya usharika wetu jijini Dar es Salaam. Tulikuwa watu watano wa kamati ya mawasiliano, tumeizunguka kompyuta moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo usharika ulikuwa umeanzisha programu ya simu yenye Neno la siku, ratiba ya ibada, matangazo, na sala za nyakati mbalimbali, kuanzia sala ya msafiri hadi sala ya aliyefiwa. Mimi ndiye niliyeitengeneza, kwa kuwa kazi za kompyuta ndizo zinazonipa ugali. Jioni ile niliombwa nieleze takwimu za matumizi: ni nani wanaofungua, saa ngapi, wanasoma nini, wanakaa kwa muda gani na wanaondokea wapi.

Nilieleza kwa fahari. Neno la siku lilisomwa zaidi alfajiri, watu wakiwa njiani kwenda kazini. Ukurasa wa historia ya usharika, ambao tuliutolea jasho, haukufunguliwa na mtu. Matangazo ya ndoa yalisomwa kuliko mahubiri. Tulicheka. Kisha mzee mmoja wa kanisa akanyoosha kidole kwenye skrini akauliza, “Na huu mstari mdogo hapa, saa tisa usiku, ni wa nini?”

Nikaufungua. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, wenye sala fupi kwa mtu ambaye hawezi kusali kwa sababu amemkasirikia Mungu. Ulifunguliwa karibu kila usiku kwa muda wa miezi mitatu, na karibu mara zote ulifunguliwa na simu ileile. Kwa kuwa watu walijiandikisha kwa namba zao za simu, nilijua kwamba nikigusa mara moja zaidi nitaliona jina. Hakuna aliyenituma. Niligusa. Jina likatokea, nasi sote tukalijua.

Alikuwa mama mmoja wa kwaya. Mwanawe alifariki kwa ajali ya bodaboda mwaka uliotangulia. Jumapili tulimwona mstari wa mbele akiimba, na sisi tulikuwa tumekwisha kuambiana kwamba Bwana amemfariji.

Tulikubaliana kwamba watu wawili waende kumtembelea, nami nilikuwa mmojawapo. Tulikwenda kwa nia njema. Tulimwamkia, tukaketi, tukaongea habari za mvua na za wajukuu. Kisha mwenzangu, ambaye hajui kuzunguka, akasema, “Mama, tumeona kwamba usiku hulali.”

Yule mama akanitazama mimi, si yeye. “Mmeonaje, mwanangu?”

Nikamweleza. Nilipokuwa naeleza niliona uso wake unafunga kama mlango. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Nilidhani pale niko na Mungu peke yangu. Kumbe ninyi mlikuwepo.” Hakugombeza. Alituletea chai, akatusindikiza hadi getini kama ilivyo desturi. Wiki iliyofuata aliiondoa programu kwenye simu yake. Ule mstari wa saa tisa usiku ukatoweka, na kwa mujibu wa takwimu zetu tatizo lilikuwa limekwisha.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya mstari ule uliotoweka.

Mtu anaweza kudhani kwamba jambo hili ni geni, limeletwa na simu. Si hivyo. Kanisa limehesabu watu siku zote. Tuna daftari la washarika, lenye tarehe za ubatizo na kipaimara. Tuna bahasha za sadaka zenye namba, na katika sharika nyingi mtunza hazina anajua ni bahasha ya nani haijarudi tangu Pasaka. Tunajua pia maumivu yanayokuja daftari linapogeuzwa kuwa hakimu, familia inapokwenda kuomba maziko na kuulizwa kwanza kama marehemu alikuwa anatoa. Daftari lile liliwekwa ili tumtunze mtu, na siku moja likatumika kumpima.

Maandiko nayo yana hesabu za namna mbili. Katika kitabu cha Hesabu, Mungu mwenyewe anamwagiza Musa awahesabu Waisraeli. Katika 2 Samweli 24, Daudi anahesabu watu, na moyo wake unamchoma baada ya kuhesabu, na nchi inapata pigo. Hata Yoabu, askari asiye na sifa ya upole, aliona kwamba mfalme anakosea. Tofauti iko wapi? Naiona katika Kutoka 30, ambako kila anayehesabiwa anatoa nusu shekeli kwa Bwana kuwa fidia ya nafsi yake, tajiri na maskini sawasawa. Fidia ile ilimkumbusha anayehesabu kwamba watu hawa si wake. Daudi alihesabu kana kwamba watu ni mali ya mfalme. Basi kosa haliko katika namba. Liko katika kusahau mwenye kondoo ni nani.

Sasa tutazame hizi hesabu mpya zenyewe, maana wengi wetu tunazitii bila kujua zinavyopikwa. Programu au tovuti haioni mtu. Inaona matukio: ukurasa umefunguliwa, kitufe kimeguswa, skrini imesogezwa chini, programu imefungwa. Matukio hayo yanafungwa pamoja na kuitwa kipindi kimoja cha matumizi. Ili ikumbuke kwamba aliyekuja leo ndiye aliyekuja jana, tovuti huacha alama ndogo katika kifaa chake, zile zinazoitwa vidakuzi, zilizobuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape. Shabaha yake ya kwanza haikuwa upelelezi. Ilikuwa ni kuiwezesha tovuti ikumbuke, kwa mfano, kile ambacho mteja amekiweka katika kikapu chake cha manunuzi. Lakini kumbukumbu ikishakuwepo, kila mtu huitafutia kazi.

Chombo kinachotumika sana duniani kusoma matukio hayo ni Google Analytics, kilichotolewa mwaka 2005. Kwa miaka mingi kilikuwa na jambo moja ambalo kila mhubiri angepaswa kulijua. Muda wa msomaji katika ukurasa ulipimwa kwa kutazama saa aliyofungua ukurasa uliofuata. Kama hakukuwa na ukurasa uliofuata, kwa kawaida muda wake uliandikwa sifuri, naye akaingizwa katika kundi la walioruka na kuondoka. Fikiri maana yake. Mtu amekuja na mzigo, amefungua sala moja, ameisoma taratibu kwa dakika kumi, machozi yamemtoka, amefunga simu na kupiga magoti. Katika hesabu zetu huyo ni sifuri. Mwingine amerukaruka kurasa nane bila kusoma hata moja, naye anahesabiwa kuwa mtumiaji bora. Toleo jipya, lililochukua nafasi ya lile la zamani mwaka 2023, limerekebisha kiasi: sasa aliyekaa zaidi ya sekunde kumi huhesabiwa kuwa ameshiriki. Sekunde kumi! Yule mtoza ushuru wa Luka 18, aliyesimama mbali akajipiga kifua, sala yake ingepita kipimo hicho kwa shida, na Farisayo angeongoza orodha.

Sisemi haya ili kukidharau chombo. Kinasema kweli juu ya kile kinachokiona. Shida ni yale ambayo hakiyaoni. Simu moja hapa kwetu hutumiwa na mama, binti na mjukuu, lakini kwenye takwimu wote watatu ni mtu mmoja. Kijana mwenye simu mbili ni watu wawili. Aliyeondoka baada ya sekunde ishirini huenda amechukizwa, huenda bando limekwisha, huenda mtoto ameamka. Takwimu zinasema ameondoka; hazisemi kwa nini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Skrini yangu ilinionyesha kitanda cha yule mama, na mimi nikadhani nimewaona kunguni. Kwa kweli nilikuwa sijui hata kama alikuwa anakesha kwa uchungu, au kama ile saa tisa usiku ilikuwa ndiyo saa yake ya kupona.

Hilo ni upungufu wa maarifa. Kuna jambo zito kuliko hilo, nalo ni la haki: kumtazama mtu asiyejua kwamba anatazamwa.

Ulimwengu umetupa mifano ya kutosha. Kwa wiki moja ya Januari 2012, Facebook ilibadilisha habari walizokuwa wakiona watumiaji 689,003, wengine wakipunguziwa maneno ya furaha na wengine maneno ya huzuni, ili ipimwe kama hisia huambukiza. Watu hao hawakuulizwa kwanza, na dunia ilifahamu utafiti ulipochapishwa mwaka 2014. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba programu moja mashuhuri ya kuwaonyesha Waislamu saa za swala ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya kuuza data, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Mtu aliuliza kibla iko upande gani, na jibu lilimfikia pamoja na jicho asilolijua. Na ndani ya nyumba ya Wakristo, mwaka 2021 huko Marekani, padri mwenye cheo alijiuzulu baada ya chombo cha habari cha Kikatoliki kufuatilia nyendo zake kwa kutumia data za simu zilizokuwa zinauzwa sokoni. Unaweza kusema alistahili. Mimi nauliza jambo jingine: je, tuko tayari kuwa Kanisa linalomjua mchungaji wake kwa njia hiyo, na mchungaji anayewajua kondoo wake kwa njia hiyo?

Serikali zetu zimeanza kujibu kwa upande wao. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na imani ya mtu imetajwa humo miongoni mwa taarifa nyeti. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023 ikiwa na Tume yake. Kanisa halina msamaha wa kutojua. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwepo, bado tungekuwa na swali letu, maana sisi tunamtangaza Mungu anayeona.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Kama Mungu anajua kuketi kwetu na kuondoka kwetu, kama Zaburi ya 139 inavyokiri, na hilo ni faraja kwetu, kwa nini kuonekana na kamati kulikuwa jeraha kwa yule mama? Jibu rahisi ni kwamba sisi si Mungu. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa tumeagizwa tumfuate Mungu katika upendo wake. Inabidi tuulize Mungu anaonaje.

Nimemkumbuka Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani akiwa mjamzito. Yeye ndiye aliyempa Mungu jina la Mungu aonaye, katika Mwanzo 16. Lakini tazama mpangilio wa habari ile. Kabla Hajiri hajasema kwamba ameonekana, ameulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi. Yule ajuaye yote ameuliza! Alifanya vivyo hivyo kwa Adamu bustanini. Yesu naye alimwuliza Bartimayo anataka atendewe nini, na hali kila mtu njiani alimwona kuwa ni kipofu. Katikati ya msongamano alipoguswa na yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, alisimama akauliza nani amemgusa, kisha akangoja mpaka mwanamke aje mwenyewe, kwa miguu yake, na kusema kweli yake kwa kinywa chake.

Basi Mungu aonaye ndiye Mungu aulizaye. Anamjua mtu, na bado anamwachia nafasi ya kujieleza. Na katika Yohana 10 kujuana kwa mchungaji na kondoo ni kwa pande mbili: mchungaji anawajua kondoo, nao wanamjua na kuitambua sauti yake. Takwimu zinajua kwa upande mmoja. Mimi nilimwona yule mama. Yeye hakuniona nikimwona. Kwa hiyo nilipofika kwake nilikuwa nimekwisha kulijua jibu, na swali langu halikuwa swali tena. Sikumwachia lolote la kunipa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini kata huingia mtungini kwa mkono wa mwenye mtungi.

Nilipoyasema haya katika kamati, mwinjilisti wetu wa zamani alinipinga, na pingamizi lake nalileta hapa kwa sababu ni zito. Alisema, “Kijana, mchungaji wa Luka 15 aliwaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja. Hakungoja aitwe. Je, kama yule mama angejidhuru usiku mmoja, na sisi tulikuwa tumeuona ule mstari, tungesimama kaburini tukasema kwamba tuliheshimu faragha yake?”

Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo sidai kuwa nalo lote. Ni kweli kwamba heshima inaweza kuwa jina zuri la uvivu. Lakini nilimwomba tutazame jinsi mchungaji yule alivyojua kwamba mmoja amepotea. Alijua kwa sababu alikuwa nao. Alitembea nao mchana kutwa, na jioni akaona pengo. Sisi je? Yule mama alikuwa nasi kila Jumapili, alikuwa katika jumuiya ya nyumba kwa nyumba kila wiki, alikuwa kwaya. Kwa mwaka mzima hakuna aliyeketi naye akamwuliza habari za mwanawe. Tulikuwa na macho ya kumwona bila chombo chochote, hatukuyatumia. Kisha tukataka chombo kitufanyie kazi ya upendo kwa mwezi wa malipo ya seva. Kosa letu lilianza mwaka mmoja kabla ya jioni ile ya Jumanne, kwenye viti vya kanisa. Mwinjilisti alinyamaza, akasema, “Hapo umenipata. Lakini usiuzime kabisa ule mstari.”

Naye alinipata. Hatukuuzima kabisa. Yale tuliyoyafanya nayataja si kama mfano wa ushindi, bali kwa ajili ya sharika nyingine zinazoanza safari hii.

Kwanza, tulitenganisha majina na usomaji. Anayetaka matangazo kwa namba yake ya simu anapata, lakini kurasa za sala hazimtambui mtu. Tunachoona ni idadi tu, nami mwenyewe sina njia ya kugusa mara moja zaidi. Niliifunga njia hiyo kwa sababu nimekwisha kuujua mkono wangu.

Pili, tulihesabu hitaji badala ya mtu. Kwa jumla ya namba tuliona kwamba wapo watu wanaofungua sala za huzuni kati ya usiku wa manane na alfajiri. Hilo lilitosha. Hatukuhitaji jina lolote ili wachungaji na wazee wachache wakubali kupokea simu usiku kwa zamu. Namba ya simu hiyo iko chini ya kila sala, na maneno machache ya kumwambia msomaji kwamba kuna mtu yuko macho kama atapenda kuongea. Mlango uko wazi. Anayeingia ni yeye.

Tatu, tuliandika kwa Kiswahili cha kueleweka, mwanzoni kabisa mwa programu, ni nini tunachohesabu na ni nini tusichohesabu. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: kama jambo fulani tunaona haya kulitangaza baada ya ibada, mbele ya washarika wote, basi tusilikusanye.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, tulirudi kwenye viti vya kanisa. Kila mzee alipewa nyumba chache za kutembelea, bila orodha ya kutoka kwenye kompyuta, na bila jibu mfukoni. Kwenda, kuketi, kuuliza, na kungoja. Kazi hii haina takwimu nzuri. Mwezi mzima unaweza kupita na ukawa umetembelea nyumba tatu.

Kwa yule mama nilirudi peke yangu kuomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilifungua mlango ambao haukuwa wangu. Alisema amesamehe, nasi hatukuongea zaidi. Lakini siku hiyo nilimwuliza jina la mwanawe, ambalo nilikuwa nalijua, na akaniambia, na akaendelea kuniambia mambo yake mengi mpaka giza likaingia.

Miezi mingi baadaye, tukiwa tunatoka ibadani, alinishika mkono pale mlangoni. “Ile sala ya usiku bado ipo?” akauliza.

“Ipo, mama.”

“Na ninyi bado mpo humo?”

“Hatupo tena, mama.”

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kuwatafuta wenzake wa kwaya. Huenda ameirudisha ile programu katika simu yake. Huenda saa tisa usiku anaifungua ile sala, au siku hizi analala usingizi hadi kunapokucha. Sijui, na namshukuru Mungu kwamba sijui. Yeye aonaye anajua, na nikitaka kujua nimeonyeshwa njia: niende kwake mchana, nibishe hodi, nimwamkie, niulize.